Maisha ya Michael Faraday na Somo la Kaboni na Joto

Vyuoni mwetu tumezoea kuwasoma wanafalsafa wa elimu, na ni haki wasomwe. Hata hivyo wapo watu ambao hawakuacha nadharia ya ufundishaji, lakini maisha yao yenyewe ni mafunzo ya mbinu. Mmoja wao ni Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1791 na kufariki mwaka 1867. Wanachuo wengi humjua kwa ajili ya umeme, kwa kuwa ndiye aliyeonyesha mwaka 1831 kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya huzalisha mkondo wa umeme. Katika makala haya tunakusudia kumtazama kwa upande mwingine: kama mtu aliyeshughulika karibu maisha yake yote na kaboni, yaani elementi iliyomo katika mkaa, kuni, nta, sukari na jiwe la chokaa, na aliyewafundisha watoto jinsi elementi hiyo inavyohusiana na joto.

Tunayo sababu ya kufanya hivyo. Watoto wengi huja shuleni wakiamini mambo mawili: kwamba joto limo ndani ya mkaa kama maji yalivyomo mtungini, na kwamba mkaa ukishateketea umetoweka, limebaki jivu tu. Mwalimu asiyeyasahihisha mambo hayo hataweza kueleza kwa nini tunakula, kwa nini ukuta wa chokaa hukakamaa, wala kwa nini hewa ya dunia inabadilika. Tena lipo jambo la uhai. Anayedhani kuwa mkaa hutoweka hatajiuliza umekwenda wapi, naye atalala chumbani penye jiko linalowaka na madirisha yaliyofungwa. Watu hufa kwa njia hiyo mwaka hata mwaka.

Mwana wa mhunzi

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington, kusini ya mto Thames, mahali ambapo leo ni sehemu ya jiji la London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi aliyehama kutoka kaskazini ya Uingereza, na afya yake haikuwa njema. Familia ilikuwa maskini. Inasimuliwa kuwa mwaka 1801, nafaka ilipopanda bei, mtoto huyu alipewa mkate mmoja uliopaswa kumtosha juma zima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Chuo kikuu hakukisoma.

Mwaka 1804 aliajiriwa na George Riebau, muuza vitabu na mjalidi wa London, awe anapeleka magazeti kwa wateja. Mwaka uliofuata akawa mwanagenzi wake kwa muda wa miaka 7. Kijana aliyekuwa akivijalidi vitabu akaanza kuvisoma. Kimoja kilimvuta sana, nacho ni kitabu cha kemia alichokitunga Jane Marcet kwa njia ya mazungumzo kati ya mwalimu na wanafunzi wake. Faraday hakuridhika kusoma tu. Kwa fedha chache alizokuwa nazo alinunua dawa na vyombo, akayarudia majaribio aliyoyasoma ili aone kwa macho yake kama ni kweli. Tabia hiyo ya kutolikubali jambo kabla ya kulijaribu hakuiacha hadi uzee wake.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka hilo alimpatia tiketi za kuhudhuria mihadhara minne ya Humphry Davy, mkemia mashuhuri wa Royal Institution, taasisi iliyoanzishwa London mwaka 1799 ili kueneza maarifa ya sayansi. Faraday aliandika aliyoyasikia, akachora vyombo alivyoviona, akaijalidi kazi yake kuwa kitabu, akampelekea Davy pamoja na ombi la kazi. Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Alikuwa na umri wa miaka 21.

Yafaa wanachuo wakumbuke kuwa tangu mwaka huo wa kwanza alianza kuwachunguza wahadhiri kama vile alivyozichunguza dawa. Katika barua alizomwandikia rafiki yake Benjamin Abbott alichambua mambo yanayoufanya mhadhara ufae: chumba kiwe na mwanga, vyombo vionekane na wote, muda usizidi saa moja. Alilitia mkazo pia jambo ambalo walimu wengi hulisahau, yaani kuingia kwa hewa safi katika chumba chenye watu wengi. Tutaona baadaye kuwa jambo hilo lina maelezo yake katika kemia ile ile aliyoifundisha.

Almasi iliyoungua Florence

Oktoba 1813 Davy alianza safari ndefu ya Ulaya, akamchukua Faraday kuwa msaidizi wake. Machi 1814 walikuwa Florence, Italia, ambako palikuwa na lenzi kubwa, mali ya mtawala wa Toscana. Waliitia almasi katika chombo cha kioo kilichojazwa oksijeni, wakaikusanya miale ya jua juu yake kwa lenzi hiyo. Baada ya muda almasi ikawaka. Walipoiondoa katika miale, iliendelea kuwaka yenyewe. Kilichotokana na kuungua huko kilikuwa gesi ile ile itokayo katika mkaa unaowaka, ambayo leo twaiita kabonidayoksaidi. Hivyo ilithibitika kuwa almasi ni kaboni tupu, na kwamba kwa asili yake ni ndugu wa mkaa.

Hapa tunapata kanuni ya kwanza ya somo letu. Jua lilihitajika kuuanzisha moto, lakini halikuhitajika kuuendeleza, kwa sababu mara almasi iliposhika moto ilitoa joto la kujitosheleza. Joto hilo halikuwa limekaa ndani ya almasi peke yake, maana almasi hiyo hiyo ikipashwa joto mahali pasipo na oksijeni haiwaki. Lilitokana na muungano. Kaboni na oksijeni zilipokamatana zikawa kitu kimoja kilicho imara zaidi, na nishati iliyozidi ikatoka nje kwa namna ya joto na mwanga. Mmenyuko wa aina hiyo huitwa mmenyuko unaotoa joto.

Vipimo vya siku hizi vinaonyesha kuwa gramu 12 za kaboni zikiungana na gramu 32 za oksijeni hufanya gramu 44 za kabonidayoksaidi na kutoa kilojuli 394 hivi za joto. Kama joto hilo lisingepotea pembeni, lingetosha kuchemsha lita moja ya maji na zaidi. Zile gramu 12 za kaboni hazikupungua hata kidogo. Zimehama tu, kutoka katika kitu kigumu kuingia katika gesi.

Mchoma mkaa wa kijijini anaijua kanuni hii kwa vitendo. Huyafunika magogo kwa majani na udongo ili hewa iingie kidogo tu, na kwa sababu hiyo kaboni nyingi husalia ikiwa mkaa badala ya kugeuka gesi. Akizembea, udongo ukapasuka na upepo ukaingia, ataamka akute jivu. Basi kuihifadhi kaboni ya namna hii maana yake ni kuitenga na oksijeni. Mkaa, kuni, mafuta na makaa ya mawe ni ghala lililo wazi mlango: kinachozuia ni kukosekana kwa cheche au kukosekana kwa hewa.

Taa ya wachimbaji na vumbi la Haswell

Faraday alirudi Uingereza mwaka 1815 na kukuta nchi ikiomboleza vifo vya migodini. Makaa ya mawe hutoa gesi iwakayo iitwayo methani, na taa za wachimbaji zilikuwa zikiilipua. Mnamo Mei 1812 mlipuko katika mgodi wa Felling uliwaua watu 92. Davy, akisaidiwa na Faraday, alibuni mwaka 1815 taa iliyozungushiwa wavu wa waya. Wavu huo huliondoa joto la mwali upesi kiasi kwamba gesi iliyo nje ya taa haifikii kiwango cha joto cha kuweza kuwaka. Ghala likabaki limefungwa kwa kunyimwa cheche.

Baada ya hapo Faraday alipanda cheo mwaka hadi mwaka. Mwaka 1821 alimwoa Sarah Barnard. Mwaka 1825 akawa mkurugenzi wa maabara, na mwaka huo huo akagundua benzeni katika kimiminiko kilichobaki pale gesi ya taa ilipogandamizwa katika mitungi. Nayo ni kampaundi ya kaboni na haidrojeni ambayo baadaye imekuwa msingi wa viwanda vingi.

Tarehe 28 Septemba 1844 mgodi wa Haswell, katika wilaya ya Durham, ulilipuka ukawaua wanaume na wavulana 95. Serikali ilimtuma Faraday pamoja na Charles Lyell, mwanajiolojia, kwenda kuchunguza. Walishuka chini, wakaona kwenye nguzo na kuta masalio ya vumbi la makaa lililopikwa na moto. Katika taarifa yao walieleza kuwa gesi peke yake haikuwa chanzo cha maafa yote, kwa kuwa vumbi la makaa nalo lilikuwa limewaka na kuukuza moto. Onyo hilo halikuzingatiwa ipasavyo kwa miaka mingi. Tarehe 10 Machi 1906 vumbi la makaa lililipuka katika migodi ya Courrières, kaskazini ya Ufaransa, likawaua watu 1,099.

Kwa mwalimu, habari hii ya huzuni ina kanuni ya pili. Gramu moja ya vumbi la makaa na gramu moja ya bonge la makaa yale yale hutoa joto lile lile. Kilicho tofauti ni mwendo. Vumbi limezungukwa na oksijeni kila upande, hivyo huungua kwa kufumba na kufumbua, wakati bonge huungua polepole kuanzia nje. Wingi wa joto ni jambo moja, na upesi wa kutoka kwake ni jambo la pili. Mwanafunzi asiyetenganisha mambo hayo mawili hawezi kuelewa jinsi mwili wake unavyoweza kuunguza kaboni mchana na usiku pasipo kuwaka moto.

Liko pia jambo la oksijeni isiyotosha. Katika milipuko ya migodini wengi hawafi kwa moto, bali kwa gesi inayofuata, yaani kaboni monoksaidi. Gesi hii hutokea pale kaboni inapopata nusu tu ya oksijeni inayoihitaji. Zile gramu 12 za kaboni, zikiishia hapo, hutoa kilojuli 111 hivi badala ya 394. Kwa hiyo jiko la mkaa lisilopata hewa ya kutosha humdhulumu mwenyewe mara mbili: humnyima zaidi ya theluthi mbili za joto la ile kaboni iliyoishia kuwa kaboni monoksaidi, na humpa sumu isiyo na rangi wala harufu, ishikayo damu na kuizuia isichukue oksijeni. Hili ni jambo la kufundishwa katika kila shule, na lirudiwe wakati wa baridi na mvua.

Mshumaa mbele ya watoto

Mwaka 1825 Royal Institution ilianzisha mihadhara ya sayansi kwa vijana wakati wa Krismasi. Faraday aliitoa mfululizo wake wa kwanza mwaka 1827, na hadi Januari 1861 alikuwa amekwisha kutoa mifululizo 19. Ule uliopata sifa kuliko yote ulihusu mshumaa. Aliutoa kwanza katika majira ya Krismasi ya mwaka 1848, akaurudia katika mihadhara sita kuanzia Desemba 1860, akiwa na umri wa miaka 69. Mwaka 1861 William Crookes aliichapa mihadhara hiyo kuwa kitabu, ambacho kimefasiriwa katika lugha nyingi na kinasomwa hata leo.

Kwa nini mshumaa? Kwa sababu kila mtoto wa London, tajiri na maskini, alikuwa ameuona. Faraday alianza na kitu kinachojulikana, akakipasua hatua kwa hatua mpaka kikawa kigeni, kisha akakijenga tena. Kwanza aliingiza mrija wa kioo katikati ya mwali, akaonyesha kuwa pale katikati hapana moto bali mvuke wa nta, kwani mvuke huo uliweza kuwashwa kwenye ncha ya pili ya mrija. Kisha akashusha karatasi juu ya mwali, nayo ikaungua kwa duara, dalili kwamba joto liko pembezoni, pale mvuke unapokutana na hewa. Tena akaonyesha masizi, kwamba ndiyo kaboni yenyewe, na kwamba mwanga wa mshumaa hutokana na chembe hizo zinapopata moto na kung'aa kabla hazijaungua kabisa.

Baada ya hapo aliuliza vitu hivyo vimekwenda wapi. Alikinga chombo baridi juu ya mwali, kikapata matone ya maji. Aliipitisha hewa itokayo kwenye mwali katika maji ya chokaa, yakageuka meupe kama maziwa, na weupe huo ndio alama ya kabonidayoksaidi. Mwisho alipuliza pumzi yake mwenyewe katika maji ya chokaa mengine, nayo yakawa meupe vilevile. Watoto wakaona wenyewe kuwa kitokacho katika mshumaa na kitokacho kifuani mwa mwalimu wao ni kitu kimoja. Ili wasije wakashangaa kaboni ya mwilini imetoka wapi, alichukua sukari nyeupe, akaitilia asidi kali, na sukari ikageuka kuwa rundo jeusi la kaboni.

Hivyo alifikia shabaha yake: kwamba kupumua ni aina ya kuungua kwa utaratibu, na chakula ndicho nta yetu. Aliwaeleza wasikilizaji wake kuwa mtu mmoja kwa siku moja hugeuza wakia 7 hivi za kaboni kuwa gesi hiyo, yaani takriban gramu 200. Tukifanya hesabu kwa vipimo vya leo, gramu 30 za glukosi zina gramu 12 za kaboni na hutoa kilojuli 467 hivi zinapoungana na oksijeni mwilini. Kwa gramu 200 za kaboni tunapata kilojuli 7,800 hivi, na kiasi hicho hakiko mbali na nishati ya chakula cha mtu mzima kwa siku. Sehemu yake kubwa hutoka kama joto, ndiyo maana miili yetu ina fukuto hata wakati wa baridi.

Faraday hakuishia hapo, maana somo lingewaacha watoto na hofu kuwa hewa itajaa gesi hiyo. Alieleza kuwa mimea huichukua na kuifanya kuwa miti na majani. Leo twajua kwamba kila zinapojengwa gramu 30 za glukosi jani hulipa zile zile kilojuli 467, nalo huzipata kutoka katika mwanga wa jua. Basi joto la kuni ni deni linalorudishwa. Jua liliitenga kaboni na oksijeni. Moto unazikutanisha tena. Na kinachotoka ni kile kile kilichoingia.

Chokaa, ghala lililofungwa

Katika mihadhara hiyo Faraday alionyesha pia kuwa marumaru, chaki na makombe yameshika kabonidayoksaidi ndani yake, kwani yakitiwa asidi hutoa povu la gesi hiyo. Hapa somo linachukua mkondo mwingine, na wanafunzi wa mwambao wetu wana mfano ulio mbele ya macho yao.

Kwa karne nyingi waashi wa pwani ya Afrika Mashariki wametengeneza chokaa kwa kuchoma mawe ya matumbawe. Jiwe haliungui. Ni lazima lilazimishwe kwa moto mkali, tena kwa muda mrefu, ndipo liachilie gesi. Kila gramu 100 za jiwe la chokaa safi hudai kilojuli 178 hivi ili kuachia gramu 44 za kabonidayoksaidi na kubakiza gramu 56 za chokaa ya moto. Huu ni mmenyuko unaofyonza joto. Joto hilo halipotei bure. Chokaa inapotiwa maji huchemka na kutoa mvuke, na hapo inarudisha kilojuli 65 hivi. Kisha fundi huipaka ukutani. Kwa miezi na miaka ukuta huivuta kabonidayoksaidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe, na kwa kufanya hivyo hutoa kilojuli 113 hivi zilizobaki, polepole mno kiasi kwamba mkono hauwezi kuzihisi. Jumla ni 178, sawasawa na zile zilizotolewa tanurini.

Maji ya chokaa yanayogeuka meupe mbele ya darasa ni ukuta huo huo kwa udogo. Mtoto anapopuliza kwa mrija, kaboni ya chakula chake inawekwa katika unga mweupe unaotuama chini ya glasi, na kijoto kidogo kinatoka.

Sasa tunaweza kuzilinganisha hifadhi mbili za kaboni. Ya kwanza ni ya kuni, mkaa, mafuta na chakula. Humo kaboni imetengwa na oksijeni, joto lake halijatoka bado, na kwa hiyo hifadhi hiyo yaweza kufunguka kwa cheche moja. Ya pili ni ya jiwe la chokaa. Humo kaboni imekwisha kuungana na oksijeni, kisha na chokaa, joto limekwisha kutoka, na hifadhi haifunguki mpaka mtu alipe joto upya. Kwa maneno mafupi, kaboni ambayo bado ina joto la kutoa inahitaji mlinzi. Kaboni iliyokwisha kutoa joto lake lote hujilinda yenyewe.

Kanuni hiyo haikubaki vitabuni. Huko Iceland, kuanzia mwaka 2012, wataalamu walipeleka chini ya ardhi kabonidayoksaidi iliyoyeyushwa katika maji, wakaiingiza katika miamba ya volkeno. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa zaidi ya asilimia 95 ya gesi hiyo iligeuka jiwe katika muda usiofika miaka miwili.

Joto la moto na joto la hewa

Wanachuo wajihadhari na mkanganyo mmoja. Hewa ya dunia ina joto zaidi leo kuliko zamani, lakini sababu kuu si joto la mioto yetu lenyewe. Joto la moto hutoka mara moja, likatawanyika, likaisha. Gesi iliyobaki ndiyo yenye athari ya kudumu. Katika jengo lile lile la Royal Institution, mwenzake Faraday aitwaye John Tyndall alionyesha mwaka 1859 kuwa kabonidayoksaidi huyanasa mawimbi ya joto yasiyoonekana kwa macho. Wakati Faraday anawasha mshumaa wake wa mwisho mbele ya watoto, hewa ya dunia ilikuwa na sehemu 285 hivi za gesi hiyo katika kila sehemu milioni. Leo zimezidi 420, kwa sababu zaidi ya makaa, mafuta na misitu. Kaboni hiyo imekwisha kutoa joto lake la kuungua, lakini haikupata mahali pa kupumzika.

Mambo ya kuiga darasani

Kutokana na maisha haya tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, mwalimu aanze na kitu cha nyumbani. Mshumaa, kibatari au jiko la mkaa vyatosha. Chombo cha gharama si sharti la sayansi.

Pili, aonyeshe kabla ya kueleza. Inasimuliwa kuwa Faraday alimshauri mhadhiri kijana kwamba hata akitaka kusema jiwe likiachwa huanguka, afumbue mkono aliache lianguke mbele ya watu.

Tatu, akubali kukosolewa. Faraday alisomea ufasaha wa kuzungumza, na kwa muda alikuwa na kadi mbele yake iliyomkumbusha apunguze mwendo. Mtu aliyesifiwa kote Ulaya hakuona haya kuonywa na msaidizi wake.

Nne, alinde usalama. Maji ya chokaa yapulizwe, yasivutwe mdomoni. Glasi ya mtoto mmoja isitumiwe na mwingine. Chokaa ya moto isitiwe maji na watoto, maana huruka na kupofusha macho. Jaribio la sukari na asidi kali lisifanywe kabisa na wanafunzi wa shule ya msingi. Sukari ikipashwa joto katika kijiko mpaka iwe nyeusi itatoa fundisho hilo hilo. Moto wowote uwashwe madirisha yakiwa wazi, na mwalimu aeleze kwa nini.

Miaka ya mwisho

Faraday alikataa kupewa cheo cha heshima cha kifalme, akakataa pia kuwa rais wa Royal Society, jumuiya kubwa ya wanasayansi wa nchi yake. Alipendelea kubaki mtu wa kawaida katika kanisa lake dogo na katika maabara yake. Mwaka 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kuishi huko Hampton Court. Kumbukumbu yake ilikuwa imeanza kudhoofika, na baada ya mihadhara ya mshumaa ya mwaka 1860 na 1861 hakufundisha tena watoto wakati wa Krismasi. Alifariki nyumbani humo tarehe 25 Agosti 1867, akazikwa katika makaburi ya Highgate, London.

Tumeyaeleza maisha haya kwa ajili ya wale watakaosimama mwakani mbele ya watoto 50 au zaidi, wakiwa na ubao, chaki na pengine mshumaa mmoja. Chaki iliyo mkononi mwa mwalimu, ikiwa ni ya jiwe la chokaa, ni kaboni iliyokwisha kutoa joto lake. Mshumaa ulio mezani ni kaboni inayongoja. Pumzi za watoto ni kaboni iliyo njiani. Mwalimu atakayeweza kuwaonyesha watoto kuwa vitu hivyo vitatu vina habari moja atakuwa amewafundisha kemia, na huenda akawa ameokoa nyumba moja isilale na jiko ndani.